UZI: Bustani ya nyumbani yenye ndege, vipepeo na vyura mwaka mzima hapa Uganda. Tuanze na kiangazi

Musambya_Wakiso (mwanzisha uzi)

Wanajamvi, habari za leo.

Uzi huu ni wa wenye viwanja vya kawaida, zile za futi 50 kwa 100 za Wakiso, Mukono, Entebbe na kwingineko, wanaotaka ndege kama chozi na shore, vipepeo, vyura na vinyonga wakae uani, wasiwe wapita njia tu. Watu wengi huanza kwa kuuliza wapande maua gani. Naomba tuanze na kalenda. Aprili kila kichaka cha barabarani kina maua, hakuna ndege atakayekukimbia kwa njaa. Januari na Julai ndipo bustani nyingi zinapobaki na nyasi kavu na ukuta, na viumbe vyote vinahamia kwa jirani mwenye kitu.

Kusini na katikati ya nchi tuna mvua mbili: ttoggo, Machi hadi Mei, na ddumbi, kuanzia Septemba mpaka mwanzo wa Desemba. Kati yake kuna kiangazi kikali cha mwisho wa Desemba hadi Februari, na kile kifupi cha Juni hadi Agosti. Chukua karatasi, andika miezi 12, kisha chini ya kila mwezi orodhesha mmea ulio nao unaochanua au kuzaa mwezi huo. Mwezi usio na kitu ndio unaokuonyesha mche wa kununua.

Mimea ninayoiamini kwa kuziba pengo hilo:

Jjirikiti (Erythrina abyssinica). Huchanua wakati wa ukame, mti ukiwa hauna jani hata moja, maua mekundu yamesimama kama mishumaa. Chozi hutua kwenye kikonyo, huzamisha mdomo mpaka kwenye mbochi (maji matamu ya ua), na akitoka paji la uso limepakwa chavua. Unaoteshwa kwa tawi: kata kipande cha mita 1.5 hadi 2, unene wa kifundo cha mkono, kiache kivulini siku tatu hadi tano kidonda kikauke, ndipo ufukie sentimita 40. Ukikifukia kibichi mara moja kwenye udongo uliolowa, huoza kutoka chini. Mbegu zake nyekundu zenye doa jeusi ni sumu zikitafunwa, kwa hiyo zifagie kama kuna watoto.

Mululuza (Vernonia amygdalina), mti mdogo wa majani machungu. Wengi wanao kwa ajili ya dawa tu. Ukiuacha utoe maua yake madogo meupe kiangazi cha mwanzo wa mwaka, nyuki hujaa mti mzima. Kosa la kawaida ni kuukata uwe uzio nadhifu mwezi wa Novemba, wakati vichipukizi vya maua vinajiandaa. Ukate baada ya kuchanua, si kabla.

Kifumufumu (Leonotis nepetifolia), ile yenye mipira ya miiba iliyopangwa kama ghorofa na maua ya rangi ya chungwa. Ni wa msimu mmoja. Panda mbegu mara mbili, katikati ya Machi na tena Septemba, ili maua yaangukie mwisho wa mvua na kuingia kiangazini. Huwa mrefu kupita mtu, basi upande nyuma, penye ukuta.

Mutuba (Ficus natalensis), aina ya mtini. Huu una siri yake. Kila aina ya mtini huchavushwa na nyigu wake mdogo sana, na nyigu huyo akishatoka kwenye tini huishi siku moja au mbili tu. Ndiyo maana miti ya mutuba ya eneo moja haizai kwa pamoja. Huu ukimaliza, ule unaanza, na karibu kila mwezi kuna mmoja wenye tini. Hapo utapata ndege kama zuwakulu, shorobo, hondohondo na shore kwa mkupuo.

Mgeni_Mukono

Asante ssebo. Maswali mawili. Mutuba kwenye 50 kwa 100 hautavunja nyumba? Na yale maji ya sukari ya kuwatundikia chozi, yanafaa hapa kwetu?

Musambya_Wakiso

Mutuba uwe angalau mita 12 kutoka msingi wa nyumba, shimo la choo na tangi la maji la chini ya ardhi. Mizizi yake hufuata unyevu na huingia kwenye ufa mdogo wa saruji. Kama kiwanja hakitoshi, usiupande. Shirikianeni majirani wanne, mmoja mwenye kona ya mbali aupande, wengine wachukue musambya (Markhamia lutea), mpera na mforsadi (nkenene). Ndege haheshimu mipaka ya viwanja, mti ukiwa kwa jirani atapita kwako pia. Kuukata mutuba kila mwaka ili uwe mdogo inawezekana, ila tini huja kwenye matawi yaliyokomaa, kwa hiyo utabaki na kivuli bila chakula.

La sukari namwachia Mama Kivumbasi.

Mama_Kivumbasi (Entebbe)

Ndugu Mgeni, kipimo kinachotumika ni kikombe kimoja cha sukari nyeupe kwa vikombe vinne vya maji. Bila asali, kwa sababu huchacha na kuota ukungu, na bila rangi. Kwa joto letu hubadilishwa kila siku na chombo kinasuguliwa kwa maji ya moto. Lakini mimi siyapendekezi, na sababu ni nyuki. Nyuki wetu wakigundua sukari kiangazini, watakuja mamia kwa saa chache, na nyuki wa Afrika ukimbughudhi anaita wenzake. Uani penye watoto na mbwa aliyefungwa mnyororo, hilo si jambo dogo. Chozi anahitaji pia buibui na wadudu laini wa kulishia makinda, na hao hawamo kwenye chupa. Fedha ya chupa na sukari inunulie miche.

Chini ya miti mikubwa napendekeza tabaka la mimea ya kiunoni:

Penta (Pentas lanceolata) ni mmea wetu wa Afrika Mashariki, unauzwa kwenye vitalu vya barabarani kama ua la urembo. Vipepeo wanaupenda kuliko karibu ua lolote la kiwango hicho. Kata kipande cha sentimita 10 chini ya fundo, ondoa majani ya chini, kiweke kwenye mchanga wenye unyevu kivulini. Mizizi hutoka baada ya wiki mbili au tatu. Pandikiza kwa nafasi ya sentimita 40, saba au zaidi pamoja. Mmoja mmoja uliotawanyika, kipepeo hauoni.

Kivumbasi, hapa tunauita mujaaja. Usiuvune wote kwa chai. Acha nusu itoe maua, nyuki hukaa hapo kutwa.

Mshubiri kwenye sehemu kavu, ya mawe au murram (changarawe nyekundu), ambako hakuna kingine kitakachokubali.

Na kishona nguo, ssere, jamani usiing'oe yote. Acha kipande cha mita mbili kwa mbili nyuma ya jiko la nje. Ni mbochi ya vipepeo, kisha ni mbegu ya ndege wadogo.

Sasa kuhusu lantana, maana najua itatajwa. Ndiyo, vipepeo wanaifuata. Lakini ni mgeni kutoka Amerika ya kitropiki, ndege wanameza vitunda vyake na kuvipeleka vichakani na malishoni, huko inafunga njia na kuua mimea mingine, na ni sumu kwa ng'ombe na mbuzi. Kila anayeipanda Entebbe anaipanda pia mahali asipopajua. Penta inafanya kazi ile ile bila madhara hayo. Nasema hivi kwa uchungu kabisa, tuiache.

Fundi_Kidimbwi

Naongezea maji, kwa sababu kiangazi maji yanavuta wengi kuliko ua lolote.

Beseni la ndege la saruji, hatua zake: Rundika udongo ardhini uwe kama sahani iliyopinduliwa, upana sentimita 60, kimo cha katikati sentimita 5. Funika kwa kavera (plastiki). Changanya saruji 1 kwa mchanga wa ziwa 3, maji kidogo, mchanganyiko ushikamane kama unga wa chapati uliokazwa. Tandaza unene wa sentimita 4 hadi 5 ukipachika kipande cha waya wa kuku katikati. Funika kwa gunia bichi na ulinyunyizie maji siku 7. Wengi huligeuza siku ya pili, linapasuka, wanasema saruji ilikuwa mbovu. Saruji haikuwa na kosa, ilinyimwa muda.

Likishakauka, usiweke maji ya ndege bado. Saruji mpya inatoa chokaa na maji huwa makali. Lijaze, umwage kila baada ya siku mbili kwa muda wa wiki mbili, ndipo ulianzishe.

Kina: ukingo sentimita 1, katikati sentimita 5, basi. Ndege wengi wa bustanini hawaogi penye maji ya kuwafika kifuani. Usilipake rangi wala kuweka vigae, miguu inateleza. Weka mawe mawili matatu yanayochomoza ili nyuki na vipepeo wapate pa kutua. Bila mawe utakuta nyuki wamekufa maji kila asubuhi.

Mahali: mita 2 hadi 3 kutoka kichaka cha karibu. Karibu zaidi ya hapo, paka anajificha na kuruka. Mbali zaidi, ndege aliyelowa hana pa kukimbilia akija mwewe.

Beseni hilo linachukua lita 5 hivi. Jerikeni moja ya lita 20 inatosha kubadilisha mara nne.

Nakasero_B

Fundi, mbu je? Nyumbani tuna watoto wadogo na malaria si mchezo.

Fundi_Kidimbwi

Swali la msingi, nashukuru. Mbu kutoka yai hadi kuruka anahitaji karibu siku 7 hadi 10 kwa joto letu. Ukimwaga beseni lote kila siku ya tatu na kulisugua kwa brashi, mayai yaliyogandia ukingoni yanaondoka na hakuna mbu atakayekomaa. Kumwaga peke yake bila kusugua ni nusu kazi. Ukisafiri, lipindue. Maji yamwagie mche, si kwenye njia.

Tena kumbuka mbu wa malaria hupenda sana vijidimbwi vya muda vilivyo wazi juani: alama za magurudumu, kwato za ng'ombe, mashimo ya kuchimbia udongo wa tofali. Uani kwako ziba hayo kwanza kabla ya kuliogopa beseni linalosuguliwa.

Kidimbwi cha vyura ni habari nyingine, kinahitaji uamuzi. Vipimo ninavyoshauri: mita 2 kwa 1.5, katikati sentimita 60, kwenye ukingo ngazi ya sentimita 15 kwa mimea, na upande mmoja mteremko wa taratibu. Chura anaingia popote, ila mtoto wa chura aliyeota miguu anatokea kwenye mteremko. Kuta zikiwa wima kama ndoo, watakufa humo.

Tandika mchanga sentimita 5 au magunia makuukuu, kisha dam lina, ile plastiki nene ya kuzuia maji yasipotee. Ukubwa wa kununua: urefu + kina mara mbili + sentimita 60 za ukingo. Yaani 2 + 1.2 + 0.6 = mita 3.8, na upana 1.5 + 1.2 + 0.6 = mita 3.3. Ukikata kwa kukadiria utapungukiwa upande mmoja, na maji yatashuka mpaka hapo kila siku.

Jaza kwa maji ya mvua ya paa mwanzoni mwa ttoggo au ddumbi. Ya bomba yana klorini, yaache siku mbili wazi. Usilete vyura wala mayai kutoka kinamasi, unaweza kuleta ugonjwa nao. Mvua zikikolea watakuja wenyewe, utawasikia.

Samaki: ngege (tilapia) wadogo wanakula mabuu ya mbu, ni kweli, lakini watakula na watoto wa chura pia. Huwezi kuwa na vyote kwenye maji madogo hivyo. Anayetaka vyura aweke mimea ya kutosha ili kereng'ende watage, maana mabuu ya kereng'ende ni wawindaji hodari, na aangalie maji kila wiki kwa kikombe cheupe. Ukiona mabuu ya mbu yananing'inia juu ya maji kwa wingi, chota kwa chujio la chai, ama ubadili uamuzi ulete samaki. Anayekaa eneo la malaria kali na hana muda wa kuangalia kila wiki, abaki na beseni.

Na watoto wa chini ya miaka mitano: wavu wa chuma wa kulehemu sentimita 5 chini ya maji, umeegemea mawe imara, au usichimbe kabisa. Maji ya sentimita chache tu yanatosha kumzamisha mtoto.

Kiwavi_Jinja

Vipepeo sasa. Mama Kivumbasi katoa maua, lakini ua ni hoteli tu. Kipepeo hubaki mahali penye jani la kulea watoto wake.

Mfano ulio karibu ni yule mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano, Papilio demodocus, anayetaga kwenye mchungwa na mlimau. Kiwavi wake akiwa mdogo ana weusi na weupe, ukimwona utadhani ni kinyesi cha ndege, na ndege naye hudhani hivyo. Akikua anageuka kijani chenye mistari ya kahawia. Mguse kidogo nyuma ya kichwa: anatoa pembe mbili laini za rangi ya chungwa zenye harufu kali ya limau lililooza, kisha anazirudisha ndani. Hang'ati wala hawashi.

Kawaida mtu anapoona majani yametafunwa anapuliza dawa. Mchungwa wenye kimo cha mita 2 unavumilia viwavi kumi bila shida. Mche wa mwaka wa kwanza hauvumilii. Basi fanya hivi: panda mlimau wa ziada, wa mbegu tu, kona ya nyuma, uwe wa viwavi. Ukikuta kiwavi kwenye mchungwa mchanga, kata jani alilokalia umhamishie kule. Kwa mkono, dakika tano, hakuna dawa.

Yule wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi na madoa meupe, Danaus chrysippus, yeye anataka mimea ya maziwa meupe, mfano Gomphocarpus yenye matunda kama puto la manyoya. Ukikata, osha mikono, utomvu wake ni hatari machoni.

Na wale wenye nguvu wanaoruka kwa kasi, jamii ya Charaxes, hawajali maua. Ponda bogoya (ndizi tamu) mbili zilizoiva kupita kiasi na kipande cha papai, acha kwenye bakuli lililofunikwa siku mbili tatu mpaka zichache, kisha tundika sahani kwa kamba mita 1.5 kutoka ardhini penye kivuli chenye mwanga. Paka kamba grisi, la sivyo siafu na sisimizi watafika kwanza. Badilisha kila siku ya tatu.

Kaskazini_Gulu

Wanajamvi, msitusahau huku. Kalenda ya Musambya haitufai. Kaskazini mvua ni kipindi kimoja kirefu, Aprili hadi Oktoba hivi, kisha ukavu wa Desemba hadi Machi wenye upepo na moto wa nyika. Pengo letu ni moja lakini ni refu, miezi mitatu minne mfululizo.

Kwa hiyo huku nguvu iende kwenye miti yenye mizizi mirefu. Mti wa shea, yaa, unachanua katikati ya ukavu na nyuki wanautegemea. Ukiwa nao kiwanjani usiukate kwa ajili ya mkaa wala kupata uwanja, kwa sababu mche wake huchukua miaka mingi sana kuzaa. Mkwaju pia ushikilieni. Jjirikiti unakubali huku vizuri.

Maji mara mbili kwa siku, asubuhi na saa kumi jioni, beseni likae kivulini. Na moto: fyeka ukanda wa mita 3 kuzunguka bustani kabla Desemba haijaingia, majani uliyofyeka yatoe nje ya ukanda. Rundo la magogo ya vinyonga na mijusi lisiwe upande upepo unakotokea.

Kabale_Baridi

Kigezi mvua ni mbili kama kusini ila baridi inachelewesha kila kitu. Ongeza mwezi mmoja kwa kila mche wa kukatwa. Badala ya kulazimisha mimea ya joto, wekeni kniphofia, yale maua marefu kama mwenge. Huku kuna chozi wa milimani wenye mkia mrefu wanaoifuata. Beseni lipate jua la asubuhi.

Mzee_Bundi

Vijana, mmesema vizuri, ila hamjagusa vitu vilivyokufa, na humo ndimo nusu ya uhai ilimo.

Mti uliokauka ukiwa hauwezi kuangukia nyumba, waya wala njia, uache kisiki cha mita 3 hadi 4. Zuwakulu hutoboa tundu la kiota kwenye mti mfu. Akihama, mdiria wa msituni, yule wa buluu anayelia kama filimbi inayokatika, anaingia kwenye tundu hilo hilo, maana yeye hawezi kujitobolea mti. Tawi kavu la juu ni kituo cha keremkerem. Kati ya Oktoba na Aprili wapo wageni kutoka Ulaya na Asia, keremkerem na mbayuwayu, na wanachotafuta ni wadudu wanaoruka na mahali pa kutazamia.

Mchwa msiwamalize. Kichuguu kilicho mbali na nyumba ni ghala. Mvua za kwanza zikipiga, kumbikumbi wanapotoka, karibu kila ndege na chura wa eneo atakuwa hapo. Mchwa wa kwenye mbao za paa ni suala jingine, hao wadhibiti.

Panya sasa. Anayemwaga nafaka chini kila siku anafuga panya, na panya wanaita nyoka. Mtama au ulezi uwe konzi mbili tu asubuhi, juu ya meza ya mita 1.8 yenye bati lililokunjwa kama faneli kwenye nguzo, na kilichobaki kiondolewe kabla ya magharibi. Mahindi na karanga zenye ukungu msiwape kamwe. Zina sumu ya aflatoksini, inaua ndege kama inavyodhuru watu.

Msitumie sumu ya panya ya kuzuia damu isigande. Panya aliyeila hafi papo hapo, anatembea siku kadhaa akiwa mlegevu, ndipo bundi anamkamata na sumu inaingia kwa bundi. Bundi mmoja mwenye makinda anakamata panya usiku kucha. Najua watu wanamrushia mawe wakisema analeta msiba. Bundi anatua juu ya paa lako kwa sababu kuna panya chini yake. Kinyonga naye, hana sumu yoyote. Nawasihi tuwafundishe watoto hivyo.

Marundo ya mawe, mboji na magogo yawe mita 10 au zaidi kutoka mlangoni, na nyasi zikatwe fupi mita 2 kuzunguka kuta. Hapo nyoka hana pa kujifichia karibu nanyi.

Nakasero_B

Mzee, asante sana. Mimi ndege mnana wamenimaliza. Wamechana majani ya mchikichi yote, zimebaki njiti za fagio. Niwafukuze?

Musambya_Wakiso

Ukikata viota, wataanza upya, tena watachana majani mengi kuliko mwanzo, kwa sababu kila kiota kipya kinataka nyuzi mpya. Waache wamalize kipindi hicho cha kulea. Mchikichi na mgomba uliokomaa hutoa majani mapya. Mti mchanga ndio wa kuulinda: funga kitambaa chepesi juu ya jani la katikati mpaka lifunguke. Na otesha matete au majani marefu kona ya mbali, watachukua nyuzi huko.

Ndege pasa ndio wasumbufu zaidi kwenye miche ya sukuma na nyanya. Wavu wenye matundu ya sentimita 2 uliokazwa vizuri kwenye fremu. Ukilegea ndege wananaswa na kufa, kwa hiyo ukaze kama ngoma, uukague asubuhi na jioni.

Dawa za wadudu: zile za kundi la pairethroidi, ambazo wengi tunazo kwa ajili ya nyanya, ni sumu kali kwa nyuki, samaki na viumbe vya majini. Usipulize mmea wenye maua, na usioshe bomba la dawa karibu na kidimbwi.

Mgeni_Mukono

Tumbili wameanza kuja kutoka msitu wa jirani. Tuwawekee ndizi?

Mama_Kivumbasi (Entebbe)

Hapana ndugu yangu, hata moja. Tumbili akizoea kupewa, wiki ya tatu anaingia jikoni, na mwezi wa pili anamng'ata mtoto aliyeshika kipande cha mkate. Anayeumia mwishoni ni tumbili, kwa sababu watu watamtegea. Waache wale tini na maua, wapite.

Kasuku wa kijivu wakitua kwenye mchikichi wako, furahi, watazame, usiruhusu mtu awatege. Mwaka 2016 nchi za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vya porini, zilikubali kuwahamishia Kiambatisho I, yaani biashara ya kimataifa ya wale wa porini imezuiwa. Hapa nchini Sheria ya Wanyamapori ya 2019 hairuhusu kumkamata au kumfuga mnyamapori bila kibali. Ukikuta ndege au mnyama amejeruhiwa, mtie kwenye boksi lenye matundu, giza na utulivu, usimlazimishe maji mdomoni, na upige simu kwa Mamlaka ya Wanyamapori, UWA.

Popo wala matunda wanafuata mipapai na maembe usiku. Ni wachavushaji na wasambazaji mbegu wazuri, lakini usiwashike kwa mikono, na tunda lenye alama ya meno au kucha usile wala usimenyee watoto. Fukia.

Na kioo kikubwa cha sebule kinachoakisi bustani, ndege wanakigonga. Nukta za rangi nyeupe upande wa nje, umbali wa sentimita 5 kila upande. Picha moja ya mwewe katikati ya kioo haisaidii, wanagonga pembeni yake.

Mgeni_Mukono

Nimeelewa, mama. Nina nafasi ya miti miwili na shilingi za miche kumi hivi. Tuko mwisho wa Julai. Nianze leo?

Musambya_Wakiso

Leo anza na beseni, kwa sababu kiangazi bado kipo na likimaliza wiki ya kukaa chini ya gunia, kisha mbili za kutoa chokaa, utakuwa wiki ya tatu ya Agosti hivi. Mashimo yachimbe sasa udongo ukiwa mkavu: sentimita 60 kwa 60 kwa 60, wa juu weka kushoto, wa chini kulia. Rudisha wa juu kwanza ukiwa umechanganywa na nusu toroli ya samadi iliyooza. Samadi mbichi inaunguza mizizi.

Miche nunua mvua ikishanyesha mara tatu nne za kulowesha, si ile ya kwanza ya kudanganya. Kwako Mukono: jjirikiti mmoja, musambya mmoja, penta saba za rangi moja, mlimau mmoja wa viwavi, na mululuza mmoja kwenye uzio. Mbegu za miti ya asili huuzwa kwenye Kituo cha Taifa cha Mbegu za Miti, Namanve, kwako si mbali. Ukitaka kuona miti ikiwa mikubwa kabla hujachagua, tembea Bustani ya Mimea ya Entebbe, ipo tangu 1898.

Kifumufumu usinunue. Tafuta mabua makavu kando ya barabara, pukuta mipira yake juu ya gazeti, utapata mbegu za kutosha uzi huu wote.

Mgeni_Mukono

Gunia na saruji ninavyo. Nachimba Jumamosi.